Viza Haina Duka: Njia za Masomo na Kazi Ujerumani

Mhadhara kwa vijana, wazazi na walimu



Mada niliyopewa inahusu viza za masomo na kazi kwa watu wanaokwenda ughaibuni. Ni mada pana kuliko jioni moja, kwa sababu kila nchi ina sheria zake, na sheria hizo hubadilika. Uingereza, iliyokuwa ikipokea walezi wa wazee kutoka Afrika kwa wingi, ilifunga njia hiyo kwa waombaji wapya wa nje tarehe 22 Julai 2025. Kanada, kimbilio la wanafunzi kwa miaka mingi, iliweka kikomo cha vibali vya masomo mwaka 2024. Nikigusa nchi zote hizo nusu nusu, mtarudi nyumbani na majina ya viza kichwani bila kujua mfanye nini nayo.

Kwa hiyo nimechagua nchi moja, Ujerumani, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, ni nchi ambayo katika miaka ya karibuni imefungua sheria zake ili ipate watu. Pili, ndiyo nchi inayozungumzwa zaidi kwa uvumi huku kwetu, na uvumi una wauzaji wake.

Hoja yangu ni fupi, na nitaitamka mapema ili mnipime nayo. Viza ya muda mrefu ya Ujerumani hutolewa kwa kusudi. Ofisa anayeshika faili lako anatafuta majibu ya maswali mawili: unakuja kufanya nini, na utaishi kwa fedha ya nani? Vinavyojibu maswali hayo ni cheti kinachotambulika, lugha, na uthibitisho wa fedha au mkataba wa kazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho wakala anaweza kukutengenezea. Anayesema anauza viza anauza kitu asichokuwa nacho.

Kwa nini wanatafuta watu

Tusijidanganye kwamba milango imefunguliwa kwa huruma. Ujerumani ni nchi ya wazee. Kizazi kikubwa kilichozaliwa miaka ya 1950 na 1960 kinastaafu, na watoto waliozaliwa baadaye ni wachache. Taasisi ya utafiti wa ajira ya nchi hiyo imekadiria kwamba wahamiaji 400,000 wanahitajika kila mwaka, baada ya kuwatoa wanaoondoka, ili nguvu kazi isipungue.

Ndiyo maana tarehe 1 Machi 2020 ilianza kutumika sheria ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi, kisha ikapanuliwa kwa awamu tatu: Novemba 2023, Machi 2024 na Juni 2024. Zingatieni maneno hayo, wenye ujuzi. Sheria haisemi wenye nguvu, wala wenye nia, wala wenye ndugu. Anayekwenda bila ujuzi unaothibitika kwa karatasi anaikuta nchi ileile iliyofungwa ya zamani.

Nataka pia tuelewane kuhusu viza ya kutembea, ile ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Haimruhusu mtu kuanza masomo ya shahada wala kuajiriwa, na kwa kawaida huwezi kuibadilisha kuwa kibali cha kazi ukiwa kulekule. Ushauri wa “nenda kwanza, mengine utajua hukohuko” umewaweka vijana wengi katika maisha ya kujificha.

Njia ya mwanafunzi

Njia ya kwanza ni ya chuo kikuu. Sifa yake inajulikana: vyuo vikuu vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Lakini tuseme yote. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kuwatoza wanafunzi wapya kutoka nje ya Ulaya mwaka 2024, kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula. Kwingine utalipa mchango wa muhula tu, ambao kwa kawaida ni euro mia kadhaa.

Kizuizi cha kwanza ni cheti. Cheti cha sekondari cha nchi nyingi za Afrika hakimpeleki mtu moja kwa moja mwaka wa kwanza wa chuo kikuu cha Ujerumani. Wengi hutakiwa kusoma kwanza mwaka mmoja wa maandalizi katika kile wanachokiita Studienkolleg, na kufaulu mtihani wake. Mwenye shahada ya kwanza anayetafuta shahada ya uzamili ana njia rahisi zaidi, na zipo programu nyingi za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza.

Kizuizi cha pili ni fedha. Mwombaji anatakiwa kuonyesha ataishi vipi mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi, na kwa kawaida fedha hizo huwekwa katika akaunti maalum iliyofungwa. Kwa shilingi ya Tanzania tunazungumzia zaidi ya milioni thelathini, si mchezo. Ukishafika, benki inakupa fungu la mwezi mmoja tu kwa wakati.

Nieleze hapa mtego mmoja. Wapo wanaojitolea kukukopesha fedha ya akaunti hiyo kwa riba. Fikirini hesabu yake: fungu lako la kila mwezi linapofunguliwa, mkopeshaji analisubiri. Utakula nini? Akaunti ile iliwekwa ili uwe na cha kula, na mkopo huo unaigeuza kuwa karatasi tupu. Asiye na fedha atafute ufadhili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, maana barua ya ufadhili unaotosha inakubaliwa badala ya akaunti. Mtu anayeishi Ujerumani anaweza pia kutoa dhamana rasmi. Lakini shangazi yako aliyeko Hamburg ajue kwamba saini yake si salamu. Kwa kawaida dhamana hiyo humfunga kwa miaka mitano, na serikali inaweza kumdai gharama zako ukishindwa kujikimu.

Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Zamani zilikuwa 120 na 240. Kazi hizo husaidia, ila hazitoshi kulipia kila kitu, kwa sababu kuna kodi ya chumba na kuna bima ya afya ya lazima, inayozidi euro 100 kwa mwezi. Anayepanga bajeti yake yote juu ya kazi ya kuosha vyombo hufeli mitihani, na anayefeli mitihani hupata shida kuongezewa kibali, maana kusudi lililompeleka halipo tena.

Uzuri wa njia hii uko mwishoni. Aliyehitimu Ujerumani anaweza kupewa kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na katika kipindi hicho anaruhusiwa kufanya kazi yoyote.

Njia ya kujifunza kazi

Njia ya pili wazazi wetu wengi huidharau kwa sababu haina joho. Ni mafunzo ya ufundi yanayofanyika nusu darasani na nusu kazini, ambayo Wajerumani huyaita Ausbildung. Huchukua miaka miwili hadi mitatu na nusu: fundi umeme, mpishi, muuguzi, fundi wa magari, mhudumu wa hoteli, mtaalamu wa usafirishaji mizigo. Mwanagenzi husaini mkataba na mwajiri kabla ya kuomba viza, naye hulipwa tangu mwezi wa kwanza. Kima cha chini kisheria kwa walioanza mwaka 2025 ni euro 682 kwa mwezi kwa mwaka wa kwanza, na wanafunzi wa uuguzi katika hospitali za umma hulipwa zaidi ya euro 1,000. Posho ikiwa haifikii kiwango cha kujikimu, utatakiwa kuonyesha utaifidia vipi tofauti hiyo.

Kwa kijana wa kidato cha nne au cha sita ambaye familia yake haina milioni thelathini, hii ndiyo njia ninayoiona kuwa ya haki kuliko zote. Bei yake ni moja: Kijerumani, kwa kawaida kiwango cha B1 (ngazi za lugha hupanda kutoka A1, A2, B1, B2 na kuendelea). Darasa ni la Kijerumani, mtihani ni wa Kijerumani, na bwana fundi anayekufundisha kukata waya anapiga kelele kwa Kijerumani. Kutoka sifuri hadi B1 panahitaji miezi mingi ya kusoma kwa bidii, na vituo vipo, ikiwemo Taasisi ya Goethe Dar es Salaam na Nairobi. Ukifuzu, unakuwa mfanyakazi mwenye ujuzi mwenye cheti cha Ujerumani, na hakuna atakayekuuliza tena cheti chako kinalingana na kipi.

Njia ya mwenye taaluma

Sasa niwageukie mliokwisha kusoma na kufanya kazi. Kwenu swali la kwanza ni utambuzi wa cheti. Kazi za Ujerumani zimegawanyika makundi mawili. Udaktari, uuguzi na ualimu wa shule za umma zinalindwa na sheria: huzifanyi mpaka mamlaka ya jimbo ikubali elimu yako. Uhasibu wa kampuni, utaalamu wa kompyuta na nyingine nyingi hazilindwi hivyo. Hizo zinahitaji cheti chako kionekane kinalingana na cha huko, na kwa shahada unaweza kuanza kuangalia mwenyewe katika kanzidata ya umma iitwayo anabin, bila kumlipa mtu.

Mwenye shahada inayotambulika na ofa ya kazi yenye mshahara mzuri anaweza kupata Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2025 kiwango cha mshahara kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na kwa fani zenye uhaba pamoja na waliohitimu karibuni kilishuka hadi takriban euro 43,760. Viwango hivi hupangwa upya kila Januari, kwa hiyo angalieni cha mwaka mtakaoomba. Mwenye kadi hiyo anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27, au miezi 21 akiwa na Kijerumani cha B1. Mnaona lugha inavyorudi tena: miezi sita mizima imewekwa kama zawadi ya sarufi.

Asiye na ofa ya kazi anaweza kuomba Kadi ya Fursa, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Inampa mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa Ujerumani, huku akiruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Masharti ya kuingia ni shahada, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi uliyosomea. Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Na fedha ya kujikimu, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa mwezi. Ukishatimiza hayo, unahesabiwa alama, na unatakiwa kufikisha sita.

Tufanye hesabu pamoja. Mchukueni fundi umeme wa miaka 29, mwenye stashahada ya miaka mitatu na uzoefu wa miaka miwili katika fani yake. Umri chini ya miaka 35 unampa alama mbili. Uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita unampa mbili. Ana Kijerumani cha A2, anapata moja. Jumla tano. Amekosa. Mtu huyohuyo akikaa darasani akafika B1, lugha inampa mbili badala ya moja, na jumla inakuwa sita. Amepita. Kilichomtenganisha na viza ni ngazi moja ya lugha, na ngazi hiyo ingemgharimu sehemu ndogo tu ya fedha ambazo wenzake huwapa mawakala.

Hata hivyo, Kadi ya Fursa ni ruhusa ya kutafuta. Mwaka ukiisha bila kazi inayofaa, unarudi. Mtu asiuze kiwanja cha familia kwa ajili ya kutafuta, kama hajui hata ni kampuni zipi atakazoziandikia.

Neno kwa wauguzi

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ambazo mataifa tajiri yanaombwa yasiende kuzichota. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo, pamoja na Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kanuni za ajira za Ujerumani zinafuata msimamo huo: katika nchi zilizoorodheshwa, kuajiri watu wa afya ni kazi ya wakala wa ajira wa serikali peke yake, si ya kampuni binafsi.

Kwa lugha ya mtaani, kampuni binafsi inayokuja Mwanza au Mbeya kuandikisha wauguzi kwa ajili ya hospitali za Ujerumani inastahili kuulizwa maswali mazito. Katazo hilo halimzuii muuguzi mmoja mmoja kuomba kwa hiari yake. Anaweza kutuma vyeti vyake, kutafuta hospitali, na kufuata utambuzi hatua kwa hatua. Kiwango cha lugha kinachodaiwa kwa kawaida ni B2, na wengi hutakiwa kufanya mafunzo ya kujazia au mtihani kabla ya kupewa leseni kamili. Katika kipindi hicho wanaweza kufanya kazi kama wasaidizi.

Najua wapo watakaoniuliza: kama tuna upungufu, kwa nini uwaambie wauguzi njia? Ninawaambia kwa sababu muuguzi aliyehitimu na hajaajiriwa nyumbani hamwibii mgonjwa yeyote. Swali la kwa nini wodi zina uhaba na wahitimu wako mtaani liulizwe kwa wapangaji wa bajeti za afya.

Mkataba wa Kenya na uvumi wa laki mbili na nusu

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji na ajira, wakati Rais William Ruto alipokutana na Kansela Olaf Scholz. Siku hiyohiyo habari zikaenea kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikajitokeza kukanusha: mkataba hauna idadi yoyote, na kila mwombaji lazima atimize masharti ya sheria kama kawaida. Mkataba huo unashughulikia pia kurudishwa nyumbani kwa Wakenya wasio na haki ya kukaa Ujerumani, sehemu ambayo haikushangiliwa sana.

Linganisheni namba hiyo na hali halisi. Katika mji wa Flensburg, kaskazini, mradi wa majaribio uliotajwa wakati huo ulikuwa wa madereva wa mabasi kutoka Kenya. Walikuwa watano. Sisemi hivyo kwa kejeli, kwani watano walioandaliwa vizuri ni mwanzo mwema. Lakini kati ya watano na laki mbili na nusu ndipo matapeli hujenga ofisi zao. Kijana anaposikia kwamba nafasi ziko laki mbili na nusu, hulipa haraka ili asiachwe nyuma. Haraka hiyo ndiyo bidhaa yao, na anayelipa kwa haraka hununua mbuzi ndani ya gunia.

Kwa hiyo shikeni vipimo hivi. Ada ya viza ya kitaifa ya Ujerumani ni euro 75. Ubalozi hauuzi nafasi ya miadi. Maombi mengi sasa huanzia kwenye tovuti rasmi ya huduma za kibalozi ya wizara ya mambo ya nje, nawe unaweza kuyajaza mwenyewe. Mwajiri mwenye haraka ya kweli ana utaratibu wa kisheria wa kuharakisha faili la mfanyakazi wake: anauomba yeye, hukohuko Ujerumani, kwa ada ya euro 411. Ukiambiwa utoe mamilioni ili “faili lisukumwe”, unayemlipa siye anayelishika faili.

Ukikataliwa, na ukikubaliwa

Waliokataliwa viza zamani walikuwa wakiandika barua ya pingamizi ubalozini. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Sasa zimebaki njia mbili: kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro, au kufungua shauri katika mahakama ya utawala ya Berlin, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Kwa walio wengi, kuomba upya ndiyo busara, mradi wasome sababu za kukataliwa badala ya kumtafuta wakala wa pili. Hati ya kughushi ni jambo jingine kabisa: inaweza kuharibu jina lako kwa miaka, hata kama ungekuja na sifa halali baadaye.

Waliokubaliwa wajue mbele yao kuna nini. Aliyehitimu chuo au mafunzo ya ufundi ya Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili ya kazi ya ujuzi, na wafanyakazi wengine wenye ujuzi baada ya mitatu. Uraia huwezekana baada ya miaka mitano, na tangu Juni 2024 Ujerumani haimdai mtu auache uraia wake wa zamani. Kenya nayo inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Mtanzania anayechukua pasi ya Ujerumani anapoteza ya nyumbani. Hilo liamuliwe macho yakiwa wazi, na familia ikiwa imeshirikishwa.

Ninachowaomba

Vijana, anzeni na lugha. Ukifika B1 umefungua njia ya mafunzo ya ufundi, umeongeza alama za Kadi ya Fursa, na umefupisha safari ya ukaazi. Ukishindwa kusafiri, bado una lugha inayotafutwa katika utalii, ukalimani na ufundishaji.

Wazazi, kabla hamjauza ng'ombe au kiwanja, muulizeni anayewataka fedha mambo matatu: viza hii inatolewa kwa kifungu kipi cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani? Jina na anwani ya mwajiri au chuo ni ipi, ili tumwandikie wenyewe? Leseni yako ya uwakala wa ajira imetolewa na nani? Asiyejibu yote matatu, mwonyesheni mlango.

Nanyi mnaopanga elimu yetu, wekeni Kijerumani katika vyuo vya ufundi, na wekeni taarifa za njia hizi kwa Kiswahili katika kila ofisi ya ajira ya mkoa. Sheria nilizozieleza leo zimechapishwa kwa uwazi na zinasomeka bure. Wananchi wetu wanalipia kuzisikia zikiwa zimepotoshwa, kwa sababu hatujawapa zilizo sahihi kwa lugha yao.